Mimi ni nani mbele ya Mungu? Maswali ambayo waamini wa Goma wanauliza mara kwa mara

Maswali haya yanaletwa na vijana, akina mama na wazee kwenye nyumba ya kusikiliza ya kanisa letu hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Wengi wanakuja wakisema imani yao imepoa: hawasali tena, au wanasali kwa hofu. Tukizungumza kidogo tunakuta shida haikuanzia kwenye sala, ilianzia kwenye namna mtu anavyojihesabu mbele za Mungu. Mimi ni Mprotestanti, lakini nimeandika nikiwafikiria na ndugu Wakatoliki, maana katika familia zetu tunachanganyika kwenye meza moja na kwenye kilio kimoja.

Imani ni kumwamini Mungu. Kwa nini nijishughulishe na namna ninavyojiona mimi?

Kwa sababu kumwamini Mungu ni pamoja na kuamini alichosema juu yako. Soma Luka 15. Yule mwana mdogo, alipoamua kuondoka kwa nguruwe, alitunga maneno yake kabla ya kufika: hastahili tena kuitwa mwana, afanywe kama mmoja wa watumishi. Alikuwa na imani kwa baba yake, la sivyo asingerudi. Ila ilikuwa imani ya mtu anayekwenda kuomba kazi. Baba hakumwacha amalize. Ombi la kufanywa mtumishi halikupata nafasi ya kutoka mdomoni, kwa maana baba alikuwa ameshaita vazi, pete na viatu.

Wahubiri wengi wanaishia hapo. Mimi huwaomba watu wasome mpaka mwisho, kwa kuwa yule mkubwa naye alikuwa na ugonjwa uleule. Hakutoka nyumbani hata siku moja, na bado anamwambia baba yake kwamba amemtumikia miaka yote bila kupewa hata mwana-mbuzi. Anadai kama mfanyakazi ambaye hajalipwa. Katika makanisa yetu huyu wa pili ndiye aliye wengi. Yuko kwenye kwaya tangu utoto, hakosi maombi ya alfajiri, anatoa zaka, na moyoni anamdai Mungu. Siku ndoa inapochelewa au mtoto anapofariki, imani yake inaanguka chini yote kwa mara moja, kwa sababu ilikuwa mapatano ya kazi na malipo.

Hiyo inaonekana wapi katika sala?

Mtoto akitoka masomoni na njaa, anaingia moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria na kuuliza sombe imebaki wapi. Aliyeajiriwa hapo nyumbani anangoja aitwe, hata kama anampenda mwenye nyumba. Wakristo wengi wanasali kwa namna hiyo ya pili: sala ndefu juma walilofanya vizuri, kimya juma walilokosea.

Nikikaa na mtu simuulizi kwanza kama anaamini neema. Wote wanajibu ndiyo. Ninamuuliza: ukianguka, unakaa siku ngapi kabla hujasali tena? Mwingine anasema siku tatu, mwingine anasema mpaka ajisikie amejitakasa. Jibu hilo linanionyesha anavyojiona kuliko mafundisho yote aliyoyashika kwa kichwa.

Biblia inasema tumefanywa wana. Lakini mimi nililelewa kwa mjomba, na ninajua mtoto wa kulelewa anavyoishi.

Katika maswali yote hili ndilo linaloniuma zaidi, na sipendi kulijibu haraka. Vita, kipindupindu cha 1994, volkano na kuhamahama vimejaza nyumba zetu watoto ambao hawakuzaliwa humo. Wengine wamelelewa kwa upendo kamili, na Mungu awabariki waliofanya hivyo. Lakini wengine wanajua maisha mengine: wa kwanza kuamshwa aende kuchota maji ziwani Kituku na bidoni, wa mwisho kulipiwa minervali (karo ya shule), kitanda chake ni koridoo. Kijana wa namna hiyo akisikia mhubiri anapaza sauti kwamba Mungu ametufanya wana, anaelewa kwamba hata mbinguni atachota maji.

Paulo hakuwa anafikiria nyumba hiyo. Barua yake kwa Warumi aliiandika karibu na mwaka 57. Katika sheria ya Roma, mtu akifanywa mwana alitoka kabisa chini ya mamlaka ya baba wa kwanza, madeni yake ya zamani yakafutika, akabeba jina la nyumba mpya na kupata urithi sawa na aliyezaliwa humo. Na mwaka huo mtawala wa Roma alikuwa Nero, naye mwenyewe alikuwa mwana wa kufanywa. Claudius, mtawala aliyemtangulia, alimpokea mwaka 50, ingawa alikuwa na mwana wa damu yake, Britannicus. Claudius alipokufa mwaka 54, kiti kilikwenda kwa Nero. Tabia ya Nero haina cha kuigwa, na ninamtaja kwa sababu moja: waliosikia Warumi 8:15, kwamba tumepokea roho ya kufanywa wana, ikisomwa kwa mara ya kwanza hawakumwona mtoto wa koridoo. Walimwona mrithi, mtu ambaye mji wote unajua amepewa nafasi isiyo ya kuazimwa.

Kwa hiyo kama nyumba ya mjomba ilikufundisha kwamba sahani yako inategemea bidoni ulizobeba, usimvike Mungu sura ya mjomba. Najua somo hilo haling'oki kwa kusoma mstari mmoja. Nimeona likilegea polepole, na karibu kila mara mtu akiwa ndani ya kikundi kidogo, shirika au seli ya maombi, ambako anapewa kiti na chakula kabla ya kuulizwa amefanya nini.

Nanyi mapapa na mamama mnaolea watoto wa ndugu zenu: mtoto huyo anajifunza Warumi 8 mezani kwenu, kabla mchungaji hajafungua kinywa. Mpeni sahani kama ya wengine.

Mimi ni mtakatifu au mwenye dhambi?

Paulo anawaandikia Wakorintho akiwaita watakatifu katika mistari ya kwanza kabisa (1 Wakorintho 1:2). Geuza kurasa chache. Mmoja anaishi na mke wa baba yake, wengine wanashtakiana mahakamani, wengine wanalewa kwenye Meza ya Bwana huku maskini wanabaki na njaa. Anawakemea vikali, lakini hafuti lile jina la mwanzo. Tena analitumia kuwakemea: mmeoshwa, mmetakaswa, basi kwa nini mnaishi hivi? Katika makanisa yetu tunafanya kinyume. Tunamwambia mtu aache kwanza, halafu tutamwita mtakatifu.

Martin Luther, alipobanwa na mashaka juu ya wokovu wake, alijijibu kwamba amebatizwa. Hakusema kwamba amefaulu. Wakatoliki nao wanafundisha kwamba ubatizo unaacha rohoni alama ambayo dhambi haiwezi kuifuta, na wanapompaka mtoto krisma, mafuta matakatifu, wanatamka kwamba ana sehemu katika Kristo aliye kuhani, nabii na mfalme. Tunatofautiana juu ya mengi, hata juu ya kiasi gani mtu anaweza kuwa na hakika ya wokovu wake. Lakini kwenye jambo hili tunasimama karibu: kilichofanywa na Mungu kwako ni kizito kuliko ulichokifanya jana usiku.

Kujiita mwana wa Mungu si kiburi?

Inategemea unahitaji nani awe chini yako ili ujisikie hivyo. Yule Farisayo wa Luka 18 alishukuru kwa kuwa si kama watu wengine, na macho yake yalikuwa kwa mtoza ushuru aliyesimama nyuma. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika na huku kwetu, na uliacha mambo mema: watu wakaungama wazi, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na jirani. Lakini penye uamsho pakaingia pia watu wanaowapima wenzao kwa nguo na kwa namna ya kusalimia. Mwana hana haja ya kumpima ndugu yake. Na kama wewe unajidharau ukidhani huo ndio unyenyekevu, kumbuka kwamba mtu anayejidharau anajiangalia mwenyewe kutwa nzima, sawa na mwenye kiburi.

Tunahubiriwa kwamba mtoto wa Mfalme hawezi kuwa maskini. Mimi nasukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo. Nina kasoro gani?

Huna kasoro yoyote kwa sababu ya chukudu. Mahubiri hayo yanachukua nusu ya Warumi 8:17. Nusu ya kwanza inasema sisi ni warithi wa Mungu, warithi pamoja na Kristo. Nusu ya pili inasema: tukiteswa pamoja naye. Petro aliyesimama mlangoni mwa hekalu alisema wazi kwamba hana fedha wala dhahabu (Matendo 3:6), na hakuna aliyemwambia imani yake ina shimo.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu. Ilichukua nyumba za waliosali na za wasiosali, maduka ya wezi na ya waaminifu, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pia. Kama mali ndiyo ushahidi wa kuwa mwana, basi siku ile maelfu waliacha kuwa wana wa Mungu kwa saa chache. Na tangu Januari 2025, vita vilipoingia mjini na benki zikafunga milango, mara ngapi nimesikia mtu aliyekuwa na mshahara na heshima akisema sasa yeye si kitu? Ninawasihi wachungaji wenzetu: mkiwafundisha watu kujiona kupitia mali, mnawaacha uchi siku mali inapoondoka. Na huku kwetu inaondoka mara nyingi.

Nabii ameniambia nimefungwa na laana ya ukoo, au nina mume wa usiku, yaani pepo anayenijia usingizini kama mume. Kila juma niko kwenye chumba cha maombi, lakini sijafunguka.

Sikatai kwamba kuna nguvu za giza. Biblia haikatai, na mimi nimekaa na watu walioteswa kweli. Ninachokuuliza ni hiki: baada ya maombi yote hayo, unajiona zaidi kama mtu wa Kristo, au zaidi kama mgonjwa wa nabii? Paulo anasema Mungu alituokoa katika nguvu za giza, akatuhamisha na kutuingiza katika ufalme wa Mwana wake (Wakolosai 1:13). Anasimulia jambo lililokwisha kutendeka. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana. Ezekieli sura ya 18 yote ni jibu la Mungu kwa watu waliokuwa wakisema meno yao yana ganzi kwa sababu baba zao walikula zabibu mbichi. Mungu anawaambia waiache methali hiyo.

Mtu akifundishwa miaka mingi kwamba amefungwa, anaanza kusoma kila kitu kwa kifungo hicho: kazi haikupatikana, ni ukoo, homa, ni ukoo. Haendi hospitali, hatafuti kazi upya, haombi msamaha kwa mke wake. Na sadaka ya kufunguliwa inapanda kila mwezi. Mtumishi wa Mungu akikuombea anapaswa kukuacha umemkaribia Kristo zaidi, na ukiwa huru kutomwendea yeye tena.

Mtoto anapoitwa mchawi, neno langu ni kali zaidi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaweka adhabu ya kifungo. Mtoto akiambiwa akiwa na miaka saba kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake, atajiona hivyo hata akizeeka. Anayefanya hivyo kwa jina la Yesu anamharibia mtoto uso wake na uso wa Mungu pia. Ukiona kanisani kwako, usinyamaze.

Nilibakwa. Najiona mchafu, siwezi hata kukaribia Meza ya Bwana.

Dada yangu, mama yangu, uchafu ule ni wa aliyetenda. Haukuwa wako dakika ile, si wako leo. Hata Torati, ambayo watu wanaiogopa, inasema juu ya mwanamke aliyeshambuliwa shambani kwamba asiadhibiwe, hana hatia. Inamfananisha na mtu aliyevamiwa akauawa na jirani yake (Kumbukumbu la Torati 22:26). Hakuna andiko linalokuzuia Mezani. Kama kuna aliyekuzuia, amekosa yeye.

Kama jambo limetokea siku hizi, nenda hospitali kwanza, kabla ya kuja kwetu. Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hapa Goma hospitali ya HEAL Africa inapokea waathirika, na Bukavu iko hospitali ya Panzi. Ukitibiwa, njoo tukae pamoja. Hutalazimishwa kusimulia. Na hatutakuharakisha umsamehe mtu yeyote ili sisi tujisikie vizuri.

Kabila langu lina nafasi gani? Si tunaambiwa katika Kristo hakuna tena Myahudi wala Myunani?

Katika Ufunuo 7:9 Yohana anaona mkutano mkubwa mbele ya kiti cha enzi, watu wa kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Aliwatambua. Maana yake hawakufutwa. Wewe Mnande, Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mshi, Mnyanga, utafika na lugha yako. Tatizo linaanza pale kabila linapokuwa jibu la kwanza na Kristo jibu la pili.

Mwaka 1994 huko Rwanda, nchi iliyojaa waliobatizwa, watu waliuawa hata ndani ya makanisa, na wauaji wengi walikuwa wameketi kwenye mabenchi yaleyale. Hawakukosa kujua katekisimu. Waliulizwa swali la nani ni ndugu yao, wakajibu kwa damu ya ukoo kabla ya maji ya ubatizo. Julai mwaka huo tuliona matokeo yake yakivuka mpaka na kuingia Goma, na mpaka leo bado tunayaishi. Kwa hiyo ukisikia kwaya yako inakataa mtu kwa sababu ya pua yake au jina la babu yake, usiseme ni siasa tu. Hapo imani yenyewe inaulizwa swali.

Kujua mimi ni nani kunabadilisha nini nikiwa kazini?

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani katika Office Congolais de Contrôle, na alikuwa mmoja wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akishughulika na maibobo, watoto wa mitaani, wa mjini. Mwaka 2007 alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Akakataa. Walioongea naye wanasimulia kwamba aliwaza hivi: fedha zitaisha upesi, je, watu watakaokula chakula hicho? Tarehe 7 Julai alitekwa, na siku mbili baadaye mwili wake ukapatikana. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Mimi si Mkatoliki, lakini habari hii ninaisimulia kwa vijana wetu wote, kwa sababu yeye ni mtoto wa mitaa hii. Alijua mishahara ya huku, alijua kwamba wengine wanachukua. Jaribu lile lilimtaka ajione kama kijana maskini aliyepata bahati. Yeye alijiona mtu wa Kristo aliyekabidhiwa maisha ya watu wasiomjua, na hatua iliyofuata ikatokana na hapo. Wengi wetu tunaanza na swali la je, ni dhambi kubwa au ndogo? Yeye alikuwa amevuka swali hilo kabla ya bahasha kufika mezani.

Simwambii mtu yeyote atafute kifo. Muuguzi anayekataa kuficha dawa auze, mwalimu anayekataa pointi za kununuliwa, wanaanza mahali palepale.

Sijisikii chochote ninaposali. Je, mimi si mwana?

Kujisikia kunategemea usingizi, njaa, homa na milio ya risasi usiku. Kuwa mwana hakutegemei hayo. Endelea kusali Baba Yetu, polepole, hata kwa moyo mkavu.

Nimebadilisha jina la ubatizo. Nimepoteza kitu?

Hapana. Mwaka 1972 utawala wa Rais Mobutu uliwakataza wazee wetu kutumia majina ya Kikristo, na ubatizo wao haukufutika hata siku moja.

Nikihitaji mtu wa kuzungumza naye, nimwendee nani?

Anza na mtu unayemjua kwamba anatunza siri: mchungaji, padri, mama wa kikundi, mkubwa wa shirika lako. Muulize kabla hujasimulia kama yuko tayari kukusikiliza na kunyamaza. Akitaka fedha ili akuombee, toka. Akikutajia jina la jirani au mtoto kuwa ndiye chanzo cha shida zako, toka pia. Na kama huli, hulali, au mawazo ya kujiua yanakujia, mwambie mtu leo hii na muende pamoja kwenye kituo cha afya. Kumeza dawa ya daktari hakupunguzi imani yako. Sisi tuko kanisani baada ya ibada ya siku ya Mungu na Jumatano mchana. Unaweza kuja na rafiki, na kama unataka kuongea na mwanamke, sema tu mlangoni.